Saa Sita Mchana, Shamba la Alizeti

Meseji imeingia sasa hivi, kutoka kwa familia ninayokwenda kuipiga picha kwenye maua: "Kaka, tushatoka nyumbani, saa sita tupo shambani." Saa sita ya mchana! Waungwana, tulikubaliana saa kumi na moja jioni. Saa sita jua la Dar limekaa utosini, kila mtu anatoka na mashimo meusi mahali pa macho, na kivuli cha pua kinawaotesha masharubu hata mama wakwe. Halafu lawama kwa nani? Kamera mbovu.

Na picha wanayoitaka wameitoa kwenye simu: lavenda, Ufaransa. Haya. Maua ya porini ya kujaza macho yapo Hifadhi ya Kitulo, kule Nyanda za Juu Kusini, ile wanayoiita Bustani ya Mungu, tena msimu wa mvua, na huko huendi kwa bajaji. Hapa mjini tuna bugenvilia za ukutani, mikrismasi ya mwisho wa mwaka, na vitalu vya kando ya barabara ambako mwenye kitalu anadai kiingilio, na ana haki, mnamkanyagia miche. Ukitaka shamba zima, mtafute aliyelima alizeti nje ya mji. Uwahi. Likishachanua una wiki mbili hivi, baada ya hapo vichwa vinainama kama vimefiwa.

Alizeti nayo ina kiburi. Ua likikomaa halihangaiki tena na jua, linatazama mashariki, basi. Kwa hiyo jioni ukitaka maua yaangalie kamera, jua linabaki mgongoni mwa familia. Heri yake, hakuna anayekunja uso. Shari yake, nyuso zinaingia giza, na lazima mtu asimame upande wa kamera na riflekta aurudishe mwanga. Huna? Stairofomu nyeupe ya kwenye boksi la friji inatosha. Tatizo ni mshikaji: shemeji anaishika dakika mbili, ya tatu anajikingia jua.

Sare ya kitenge cha maua mbele ya maua, sisemi kitu. Vichwa vinaelea.

Sasa shangazi. Kila familia inaye. Umewapanga vizuri: wazee kwenye viti, watu wazima nyuma yao, watoto pembeni juu ya kreti za soda maana alizeti inampita mtu mzima, mtoto akizama humo anatafutwa kwa majina. Wote hatua tatu mbele ya maua ili maua yafifie kidogo nyuma. Lenzi ya milimita 85, tundu la lenzi f/5.6 safu zote mbili zitoke kali, spidi ya shata 1/250 ya sekunde kwa sababu watoto hawatulii. Moja, mbili... "Mwanangu, mbona maua yako mbali?" Anarudi nyuma, anaingia kwenye maua. Ukoo mzima unamfuata! Majani ya alizeti yana vinywele, yanawasha, mara watu wote wanajikuna, na nyuki walikuwa kazini kwao.

Unawatoa, unawapanga upya. Shangazi anafungua mkoba, anatoa ua la plastiki. Lile la sebuleni, na vumbi lake.

"Shangazi, shikamoo tena. Hilo tuliweke chini."

"Haya yenu yametobolewa na wadudu. Hili limetoka Dubai."

Mbele ya shamba zima lililochanua! Saa kumi na mbili na robo inakuja, jua la hapa likianza kuzama halisubiri mtu. Unapiga mfululizo, fremu kumi, kumi na tano, kwa kuwa lazima mmoja afumbe macho. Ni yeye, shangazi. Zote.

Kisha "tutumie zote leo leo WhatsApp." Ukizituma kama dokumenti zisipungue ubora, utaambiwa hazifunguki.

Mwenye akili pale ni babu, aliyeuliza swali moja tu: "Hizi zinakamuliwa lini?" Nenda dukani kwa Mangi uulize mafuta ya alizeti ya kupima. Bei imepanda, sawa, tumezoea. Lakini kile kikombe chake cha kupimia kimebonyea kitako! Mangi, kikombe kimebonyea! Eti kilidondoka. Kilidondoka, halafu kikabonyea kwa ndani tu?