Ryerson na barua ya mwaka 1847

Juni 6, 2021, umati uliiangusha sanamu ya Egerton Ryerson katikati ya jiji la Toronto. Siku chache kabla, huko Kamloops, magharibi mwa Kanada, Wenyeji wa Asili walikuwa wametangaza kuwa rada imeonyesha dalili za makaburi ya watoto yasiyo na alama kwenye eneo la iliyokuwa shule ya bweni, mojawapo ya zile ambako watoto wa Wenyeji walitengwa na wazazi wao; Ryerson analaumiwa kwa kuchangia wazo la shule hizo. Mwaka uliofuata, chuo kikuu kilichobeba jina lake kikaitwa Toronto Metropolitan. Ryerson alikuwa mchungaji wa Kimethodisti na mkuu wa kwanza wa Victoria College, 1841. Tangu sanamu ianguke, kila upande unachomoa karatasi unayoitaka kwenye nyaraka zake.

Wanaomtetea wana hoja nzito. Mwaka 1826, akiwa kijana wa miaka 23, alikwenda kuishi na Wamississauga, jamii mojawapo ya Wenyeji, kando ya Mto Credit. Alijifunza lugha yao, na ameandika jinsi alivyoshika zana mwenyewe kuwaonyesha namna ya kuzungushia bustani ua na kutengeneza mageti. Walimpa jina lenye maana ya ndege arukaye. Kiongozi wao Kahkewaquonaby, mchungaji mwenzake, alikuwa rafiki yake hadi alipofariki mwaka 1856, na naye alizipigania shule za bweni, akasafiri hadi Uingereza kuzichangishia fedha. Isitoshe, Ryerson alifariki Februari 1882. Serikali ya Kanada ilianza kufungua shule zake za bweni kule magharibi mwaka 1883, na sheria kali ya kuwalazimisha watoto kwenda ilipitishwa 1920. Kumtwika yeye mfumo wote ni kuzidisha.

Lakini ipo barua ya Mei 1847, na hiyo siwezi kuiruka. Idara iliyosimamia mambo ya Wenyeji ilimwomba ushauri, naye wakati huo ndiye msimamizi wa elimu wa Upper Canada, yaani Ontario ya leo. Akapendekeza shule ambako mtoto atalala hapohapo, afanye kazi saa 8 hadi 12 kwa siku wakati wa kiangazi, na afundishwe saa 2 hadi 4. Tazama hesabu hiyo. Mtu huyuhuyu alitumia miaka mingi kupigania shule za bure kwa watoto wa walowezi, akazipata kwa sheria ya 1871, na watoto hao jioni walirudi kwao. Anayesema barua ilikuwa wazo tu lililosahauliwa ajue kwamba serikali iliichapisha mwaka 1898 ndani ya chapisho kuhusu shule za Wenyeji, miaka 16 baada ya mwandishi wake kuzikwa.

Kwa maoni yangu, kubadilisha jina la chuo kulikuwa haki. Ila naona uchungu maandishi yake ya siku za Mto Credit yanapowekwa kando, kwa sababu ndiyo yanayoifanya barua iwe nzito zaidi: aliyeiandika aliwahi kulala chini ya paa la watu hawa na kusema nao kwa lugha yao. Na urafiki wake na Kahkewaquonaby haumwokoi kama wengi wanavyodhani. Kahkewaquonaby alitumaini kwamba siku moja shule hizo zingeendeshwa na Wenyeji wenyewe. Katika barua ya 1847, usimamizi umewekwa mikononi mwa serikali na kanisa.