Chonge haina dira

Jino la mtoto likikawia au likiota kombo, wazazi wa Lamu wamezoea jibu moja kliniki: "Msubiri tu, jino litajipanga lenyewe." Mama amevuka kutoka kisiwa cha Pate na mtoto wa miaka 10, nauli ya boti si ya mchezo, halafu anarudi kwao na neno hilo. Haya. Labda jino lina dira.

Meno ya mbele ya chini yakiota nyuma ya yale ya utotoni, nakubali, mara nyingi kusubiri kunatosha: la utotoni likidondoka, ulimi hulisukuma jipya mbele. Chonge ya juu, lile jino lenye ncha, ni habari nyingine. Inaanzia juu karibu na pua na kuchomoza kwenye miaka 11 au 12, kwa hiyo itafutwe tangu miaka 9 au 10. Inua mdomo, papasa ufizi upande wa shavu, juu ya chonge ya utotoni. Utafute kivimbe kigumu, kulia na kushoto. Kikiwa upande mmoja tu, shuku kwamba ya pili imekwenda kaakaani.

Hapo ndipo eksirei, na moja haitoshi. Piga mbili, ya pili mashine ikiwa imesogezwa pembeni. Chonge ikionekana kufuata mashine ilikokwenda, iko kaakaani. Ikienda kinyume, iko upande wa mdomo.

Ikiwa kaakaani na nafasi ipo, ng'oa chonge ya utotoni mtoto akiwa na miaka 10 hadi 13. Watafiti Ericson na Kurol wa Sweden walichapisha mwaka 1988: kati ya chonge 46, asilimia 78 zilirudi njiani. Ambazo ncha haikuvuka nusu ya mzizi wa jino jirani, asilimia 91; zilizovuka, 64. Yaani kila mwezi wa "msubiri tu" una bei. Baada ya miezi 12 piga picha tena. Isiposogea, ufizi ufunguliwe, kifungo chenye mnyororo kibandikwe kwenye chonge, ivutwe kwa waya polepole. Ghali, tena ndefu.

Ikiachwa, yaweza kula mzizi wa jirani bila maumivu yoyote.

Na nyinyi mnaochimba "meno ya plastiki" kwa watoto wachanga: hicho ni chipukizi cha chonge ya utotoni, na ya ukubwani huweza kuota kombo kwa sababu yenu.

Najua foleni ni ndefu na daktari ni mmoja. Kupapasa ni dakika moja. Andikeni kwenye kadi: chonge kulia ipo, kushoto haipo, arudi na picha.