Kriek ya Brussels imenipa hoja ya kuitetea mbege

Kriek ni bia ya cheri, rangi yake ni nyekundu iliyokolea, na povu lake la waridi hupanda haraka na kutoweka haraka. Ukiisogeza puani unakutana na cheri kwanza, halafu mbao zenye unyevunyevu, ngozi, majani makavu ya zizini, na kwa mbali sana lozi. Hakuna lozi iliyotiwa humo. Harufu hiyo hutoka kwenye kokwa, kwa kuwa cheri huingia kwenye pipa zikiwa nzima. Kisha unaonja, uchachu unakupiga pembeni mwa ulimi mpaka taya zinakaza, na nyuma yake unakuja ukakasi wa mwaloni, sawa na ule wa chai ya rangi iliyoachwa na majani yake mpaka ikapoa. Utamu haupo kabisa. Sukari ya matunda yote imekwisha kuliwa humo ndani ya pipa.

Hiyo ndiyo kriek ya asili, bia ya Brussels na ya bonde la mto Senne, upande wa kusini-magharibi mwa jiji, eneo linaloitwa Pajottenland. Mimi ni mtoto wa Kibosho, nimekulia kwenye kihamba chenye migomba na mibuni, na sasa ninaishi na kufanya kazi huku Ubelgiji. Wenzangu wengi wa Afrika Mashariki hawaitaki kriek. Wakionja tu wanasema imechacha, wanarudisha glasi. Mimi ninaipenda, na kila ninapoinywa ninazidi kuamini kwamba mbege ya kwetu Wachagga, pombe ya ndizi na ulezi, ni ya ukoo huohuo wa pombe, ina ujuzi wa aina ileile, na ni sisi wenyewe tulioishusha hadhi bila sababu ya maana.

Tazameni inavyopikwa. Msingi wa kriek ni pombe iitwayo lambic. Kimea cha shayiri huchanganywa na ngano ambayo haikuoteshwa, ngano ikiwa kama theluthi ya nafaka yote au zaidi kidogo, kisha maji yake huchemshwa kwa saa nyingi pamoja na hopsi, yaani maua machungu ya kutia kwenye bia, zilizokaa ghalani miaka kadhaa hadi uchungu wake ukapungua. Hopsi hizo kuukuu hazitiwi kwa ajili ya ladha, zinatiwa ili kuzuia baadhi ya bakteria. Baada ya hapo maji ya moto humiminwa kwenye karai kubwa bapa lililo wazi, mara nyingi la shaba, huko juu chini ya paa, na kuachwa yapoe usiku kucha. Hakuna mtu anayetia hamira. Vijidudu vilivyomo hewani na kwenye mbao za jengo huingia vyenyewe. Ndiyo maana lambic hupikwa miezi ya baridi tu, kuanzia Oktoba hivi mpaka karibu na Aprili, kwa sababu usiku ukiwa na joto vijidudu vya kuharibu pombe hushinda. Novemba 2015 kiwanda cha Cantillon, kilichopo Anderlecht hapa Brussels, kililazimika kusimamisha upikaji kwa kuwa baridi haikuja kwa wakati wake.

Asubuhi pombe hiyo changa huingizwa kwenye mapipa ya mwaloni, mengi yakiwa yalishahifadhi mvinyo kabla. Wiki za kwanza kazi hufanywa na bakteria wa jamii ya Enterobacteria, kisha hupokelewa na hamira ya kawaida, Saccharomyces. Inapofika miezi ya joto huamka bakteria Pediococcus, ambaye huleta asidi ya laktiki, ileile inayoyachachusha maziwa ya mgando. Mwisho kabisa huja Brettanomyces, hamira ya mwendo wa polepole ambayo ndiyo mama wa ile harufu ya ngozi na zizi. Mtafiti wa kiwanda cha bia cha Carlsberg huko Denmark, Niels Hjelte Claussen, ndiye aliyeipa jina hilo mwaka 1904, na spishi yake moja inaitwa bruxellensis, kwa heshima ya jiji hili. Pipa lenyewe lina kazi mbili: linapitisha hewa kidogo sana kupitia mbao, na linawahifadhi wadudu hao kwenye vinyweleo vyake hadi pombe ijayo. Majira ya kiangazi cheri chachu huvunwa, na kwa watengenezaji wanaofuata njia ya asili huwekwa kama gramu 200 kwa kila lita, wengine zaidi. Miezi inapita, na cheri hubaki maganda na kokwa tu.

Sasa njooni Kilimanjaro. Ndizi mbivu humenywa na kuchemshwa muda mrefu mpaka zigeuke rangi kuwa nyekundu ya udongo, zikapozwa, zikaachwa kwenye chombo siku kadhaa zichachuke zenyewe. Pembeni kuna ulezi uliooteshwa, ukakaushwa, ukasagwa, ukapikwa uji. Gome la msesewe hutiwa ili kuleta uchungu na kuzuia utamu wa ndizi usizidi. Maji ya ndizi huchujwa, huchanganywa na uji wa ulezi, na kesho yake mbege iko tayari. Katika njia hiyo ya zamani nako hakuna hamira ya dukani. Wadudu wanatoka kwenye kimea, kwenye hewa ya jikoni, na kwenye chombo. Nilipokuwa mdogo chombo hicho kilikuwa cha mbao, kikisuuzwa kwa maji tu, na hakuna aliyethubutu kukisugua kwa sabuni, kwa sababu kila mwanamke pale alijua kuwa pombe itakayofuata itagoma. Mwanamke huyo na mpikaji wa Pajottenland wangeelewana bila mkalimani.

Na si Wachagga peke yetu. Wahaya wa Kagera hukamua ndizi na kuchachusha lubisi kwenye chombo cha mbao kilichochongwa kama mtumbwi, pamoja na mtama. Iringa na Njombe ulanzi hugemwa kwenye mianzi wakati wa mvua na huchachuka humohumo unapodondokea. Kwa majirani zetu Kenya, Wakikuyu hutumia tunda la mwegea lililokaushwa, ambalo nyuzi zake hutunza hamira, likitumika tena na tena kuchachusha muratina ya asali au ya miwa. Tunda lile linafanya kazi ya pipa la mwaloni. Watu waligundua jambo hilo pande zote mbili za dunia bila kuwa na darubini, na ninaona fahari kubwa kusema hivyo mbele ya Mbelgiji yeyote.

Tofauti ipo katika heshima. Pale Cantillon, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1900, milango ilifunguliwa kwa wageni mwaka 1978 pakawa pia makumbusho. Watu wanasafiri kutoka mbali kuja kuona karai la shaba na mapipa yenye vumbi. Utando wa buibui hauondolewi, kwa maelezo kwamba buibui wanakula nzi wanaofuata matunda. Mgeni anaelezwa hayo na anatikisa kichwa kwa heshima. Utando uleule ukikutwa kwa mama anayepika mbege uswahilini, kilabu chake kinafungwa siku hiyohiyo, na majirani watasema afadhali. Mwaka 2016 UNESCO iliuandikisha utamaduni wa bia wa Ubelgiji kwenye orodha ya urithi usioshikika wa binadamu. Sisi mbege tunaiweka kwenye fungu moja na gongo, tunaiita pombe ya kienyeji kwa sauti ya kushusha, na kwenye harusi za ukumbini kreti za bia ya chupa ndizo zinazokaa mbele huku mbege ikipelekwa nyuma kwa wazee.

Msidhani Wabelgiji walizaliwa na heshima hiyo. Lambic ilikuwa kinywaji cha wakulima na vibarua. Bia nyepesi ya kuchujwa na soda tamu vilipokuja, watu wakaikimbia, watengenezaji wakafunga mmoja baada ya mwingine, na kwa miongo mingi ndani ya Brussels yenyewe kikabaki kiwanda kimoja tu kinachofuata njia ya asili. Wengine waliobaki kwenye biashara waliokoa mauzo kwa kutia sukari na juisi, na mpaka leo kriek nyingi zinazouzwa madukani ni tamu kama sharubati. Kilichookoa ile ya asili ni ukaidi wa familia chache, na pia sheria. Mwaka 1997 Umoja wa Ulaya uliyasajili majina ya pombe hizi, na jina Oude Kriek, yaani kriek ya zamani, likawekewa masharti: ichachuke yenyewe, ikae kwenye mbao, ichachuke tena kwenye chupa. Mwenye kutia sukari hakukatazwa kuuza. Amekatazwa kulitumia jina hilo.

Hapo ndipo ninapowasihi ndugu zangu wa nyumbani watazame. Mbege nayo ina wapita njia ya mkato: sukari badala ya ndizi za kutosha, hamira ya dukani badala ya kusubiri, ulezi kiduchu. Mnywaji hana namna ya kujua. Mama anayepika kwa uaminifu, anayenunua ulezi kwa bei ya juu na kuchemsha ndizi tangu alfajiri, anauza kwa bei ileile ya yule wa njia ya mkato, na jina la pombe yake linachafuliwa na mwingine. Jina likilindwa, yeye ndiye wa kwanza kufaidika.

Wapo marafiki zangu huku wenye mawazo tofauti. Wanasema tuiweke mbege kwenye mapipa ya mwaloni, tuifunge kwenye chupa nzuri, tuilete Ulaya. Sikubaliani nao, na katika hili sina shaka. Lambic hudumu kwa sababu imechachuka mpaka karibu sukari yote ikaisha, na asidi yake inailinda. Chupa inaweza kulala stooni miaka mingi. Mbege ina uji wa ulezi ndani yake, iko hai, ni nzito. Siku ya kwanza ina utamu, siku ya pili ina nguvu na uchachu ambao wazee wengine wanaupenda zaidi, na baada ya hapo inaharibika. Ukiichemsha ili idumu, umeiua. Ubora wake ni kwamba inanywewa hapohapo ilipopikwa, na hilo Brussels hawana cha kulinganisha nalo. Atakayeitaka apande ndege aje Moshi, kama wanavyokuja watu Anderlecht.

Kuna jingine ambalo huku silipati. Kriek hufunguliwa kwa adabu kubwa: chupa hulazwa kwenye kikapu ili machicha yasitibuke, kila mtu ana glasi yake, mazungumzo ni ya harufu na mwaka wa mavuno. Ninayafurahia kweli, yamenifundisha kuonja kwa utulivu. Lakini kwetu mbege haikuwa ya kuonjwa tu. Posa haikuwa posa bila mbege. Watu waliogombana mpaka wa kihamba walisuluhishwa kwa jani la masale, ishara ya amani kwetu, na kibuyu cha mbege kati yao. Nilivyokuzwa mimi, anayeileta kata huonja kwanza mbele ya wote ndipo aipitishe kwa mkubwa, na kata moja huzunguka. Sijaona meza ya Brussels ambapo kinywaji kinabeba wajibu wa namna hiyo, na nikikaa hapa nikasikia kijana wa Moshi anasema mbege ni ya washamba, roho inaniuma.

Najua kuna watakaosema ninatetea ulevi. Ulevi nimeuona, nyumbani na huku, na umevunja nyumba ninazozifahamu. Viroba vilipopigwa marufuku Tanzania mwaka 2017 niliunga mkono. Lakini pombe kali ya bei rahisi iliyofungwa kwenye kipakiti na mbege ya ndizi na ulezi havistahili kuhukumiwa pamoja, na kumdharau mpikaji hakumfanyi mlevi aache kunywa.

Kwa hiyo ninapendekeza tuanze na jina na masharti yake. Mbege iitwe mbege ikiwa imetokana na ndizi mbivu, ulezi ulioota na msesewe, bila sukari ya kuongezwa, na iuzwe ndani ya siku zake. Wapikaji wenyewe, ambao wengi ni akina mama, wakae mezani tangu kikao cha kwanza, kwa kuwa wao ndio wanaojua ni ndizi ipi, ulezi kiasi gani, na gome lichemshwe mpaka lini. TBS, shirika la viwango, waje na vipimo vya maji na usafi vinavyotekelezeka kwenye jiko la kijijini, visivyotungwa kwa ajili ya kiwanda. SIDO, shirika la viwanda vidogo, wafundishe kukausha na kutunza kimea kisiote ukungu, maana hapo ndipo penye hatari halisi kwa mnywaji. Na halmashauri zitoe leseni ambayo mama mwenye mapipa mawili anaweza kuilipia.