Tani ngapi hadi Kiunga?

Kila gari la askari linapolipuliwa na bomu la kutegwa huku bara ya Lamu, baraza za uwanja wa Mkunguni mjini Lamu hutoa hukumu ile ile kabla kahawa haijapoa: vijana waletewe magari mazito zaidi. Siwalaumu. Tangu shambulio la Mpeketoni la Juni 2014 na operesheni ya msitu wa Boni iliyofuata mwaka 2015, mama mwenye mwana kambini Baure hataki kusikia habari ya gari jepesi. Kwake jepesi ni bati.

Historia nayo haimwangushi. Mwaka 1969 Marekani ilikuwa na kifaru chepesi cha Sheridan huko Vietnam, tani 15 hivi, bodi ya alumini, kilichobuniwa kiweze kushushwa kwa miavuli. Mabomu ya ardhini yalikipasua. Likaja Stryker, gari la deraya la magurudumu manane, likaingia Iraq mwaka 2003 na tumbo bapa kama sinia. Huko Afghanistan mlipuko ulilipiga sinia hilo kutoka chini, na ilipofika 2011 yakaanza kupelekwa ya tumbo jipya.

Lakini hebu tukae hapo hapo kwenye tumbo, maana ndipo baraza zinapokosea. Casspir, gari la deraya la Afrika Kusini, ikiwa imepakia, ina takriban tani 11. Ni nyepesi kuliko Stryker, na ni ya zamani kuliko Stryker. Hata hivyo iliundwa kuhimili mabomu matatu ya kuvunja vifaru yakilipuka pamoja chini ya gurudumu moja. Haikuokolewa na unene wa chuma. Imechongwa chini kama jahazi, imeinuliwa mbali na ardhi, basi nguvu ya mlipuko hupasuka huku na huku kama wimbi kwenye mkuku. Anayepima usalama wa askari kwa tani peke yake anapima kitu kingine.

Tani zenyewe zina tabia ya kuzaana. Mfano ninaoupenda (wenzangu wamechoka kuusikia) ni M10 Booker. Jeshi la Marekani lilitaka gari la mzinga la kufuatana na askari wa miguu, jepesi la kusafirishwa haraka. Kila kikao kikaongeza sahani moja ya chuma, kila tishio likaongeza kifaa, hata likafika tani 38. Lilipokaribia kupelekwa Fort Campbell, kambi ya askari wa miguu wanaopelekwa vitani kwa ndege, ikaonekana kwamba madaraja 8 kati ya 11 ya kambi hiyo yangepasuka likipita juu yake. Madaraja ya nyumbani kwao, si ya adui! Juni 2025 mradi ukafutwa.

Sasa tuirudishe hesabu hiyo kwetu. Hizir, magari ya deraya ya Uturuki ambayo Kenya iliagiza 118 mwaka 2021, zina tani 16. M1117, magari ya deraya ambayo Marekani ilitangaza mwaka 2024 kuipa Kenya, kama 150 hivi, zinazidi tani 13. Ndege zetu za mizigo za Spartan hubeba takriban tani 11. Kwa hiyo wito ukitoka Ishakani, kule Kiunga mpakani na Somalia, deraya itakuja kwa barabara, na barabara zetu tunazijua. Mvua za mwisho wa 2023 zilifunika hata lami ya barabara ya Garsen kwenda Lamu, pale Lango la Simba. Ukiacha lami, udongo mweusi ukilowa humeza hata trekta.

Na hasara kubwa si kukwama. Gari lisiloweza kuiacha njia humwambia mtega bomu pa kuchimba. Mabaharia wa Pate na Faza wanalijua hili bila kufundishwa: chombo kilichosheheni hungoja maji yajae ndipo kipite mlango mwembamba wa Mkanda, na chombo kinachongoja maji, kila mtu anajua kitapita saa ngapi. Chepesi hupita kitakapo.

Sitaficha upungufu wa upande wangu. Casspir ni ndefu kwenda juu, hupinduka kwenye kona za mchanga, na kimo hicho hicho kinachoiokoa ndicho kinachosumbua kuiingiza ndani ya ndege. Haina mzinga. Ukiipa mzinga na mnara, tani zinaanza kupanda tena, na safari ya Booker imeanza upya. Anayesema mhandisi hawezi kukupa wepesi, ulinzi na mzinga kwa pamoja, bado sijamwona aliyemshinda.

Ningekuwa mimi mwenye kuagiza, ningeacha mzinga kwanza. Ningeandika kikomo cha tani 11 juu kabisa ya karatasi, chini yake umbo la tumbo, na mengine yajibane yanavyoweza. Hizir na M1117 zibaki kulinda misafara ya mabasi kati ya Garsen na Hindi, kazi inayozifaa. Kutoka Hindi kupita Bodhei hadi Kiunga, wakati wa masika, sioni zitapitaje.