Suruali ya Mabata

Kosa langu lilikuwa kuvaa suti. Ningetoka na kanzu yangu, au hata kikoi, nisingekuwa na la kusimulia leo. Lakini siku hiyo nilikuwa nakwenda kuwafundisha maafisa jinsi asiyeona anavyotumia simu, na kazi hii ya kutetea haki zetu imenifunza jambo moja: afisa humsikiliza zaidi kipofu mwenye tai. Nikafunga tai, nikavaa miwani myeusi, nikashika fimbo nyeupe.

Kwenye kichochoro cha Langoni fimbo ikagonga kitu laini. "Shikamoo, samahani," nikasema. Kikanipumulia usoni. Punda! Mwenye punda akacheka hadi akakaa barazani. Hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka. Mtu wa Lamu hakai chini kwa kicheko eti kwa sababu punda kaamkiwa.

Ukumbini, karibu na Mkunguni, nikaunganisha simu yangu, inayonisomea kwa sauti kila kinachoingia, hata emoji, na spika kubwa. Kwanza nikaiacha isome ujumbe wa Kiswahili kwa sauti ya Kiingereza, wasikie tabu yetu. "Habari za asubuhi" ikatoka kama Mzungu anayesukutua. Wakacheka. Nikaweka sauti ya Kiswahili. Nikaipunguza kasi, maana sisi tuliozoea huisikiliza mbio, mwenye macho akasikia mlio wa nyuki tu. Nikaongeza sauti, wa nyuma nao wafaidi. Kisha nikasimama wima: "Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inanipa haki ya kupata habari!"

Habari ikaingia.

Spika ikatamka, taratibu, kwa Kiswahili fasaha: "Baba Zuhura. Suruali yako ya suti iko hapa kitandani. Usiniambie umetoka na ile ya kulalia ya mabata. Uso wenye machozi ya furaha. Uso wenye machozi ya furaha. Uso wenye..."

Ukitaka kuinyamazisha, unagusa kioo kwa vidole viwili. Nimewafundisha watu hilo miaka nenda miaka rudi. Vidole vyangu wakati huo vilikuwa pajani, vinapapasa kitambaa. Laini. Laini mno kwa suti.

Na hayo mabata yametoka wapi? Dukani niliambiwa ni ya bluu tupu!

Ukumbi kimya. Mzee mmoja wa safu ya mbele akakohoa.

"Mwanangu, sisi twaiona tangu ulipoingia."

"Na hamkuniambia, mzee wangu?"

"Tulidhani ndiyo hiyo teknolojia."

Hapo wakashindwa kujizuia. Kuna aliyeanguka na kiti, nilisikia. Nikangoja wapumue, kisha nikamwinamia mzee, maana habari ni haki yangu na nilitaka kuipata yote.

"Hao mabata, mzee, wakoje?"

Akanyamaza kidogo, nadhani anasogea atazame vizuri.

"Wamevaa miwani myeusi," akasema. "Kama wewe."