Kitabu cha Koma Kimeniharibia Jumamosi

Sijui ni nani aliyewadanganya watu kwamba kitabu kuhusu alama za uakifishaji ni zawadi ya kumpa mtu mzima mwenye shida zake. Shemeji yangu, ambaye naye anaishi hapa London, aliniletea *Eats, Shoots & Leaves* cha Lynne Truss, kilichotoka mwaka 2003 na kununuliwa kwa mamilioni ya nakala, akaniapia kwamba nitacheka mpaka mbavu ziniume. Kucheka nimecheka, sikatai, ila hakuna aliyenionya kwamba ukishakimaliza huwezi tena kununua viazi kwa amani.

Jina lenyewe limetokana na kichekesho cha dubu aitwaye panda, aliyeingia mkahawani, akala, akafyatua bastola, kisha akaenda zake. Kwa Kiingereza *shoots* ni machipukizi au kufyatua risasi, na *leaves* ni majani au kuondoka. Yule aliyeandika habari za wanyama zinazotajwa kwenye kichekesho hicho alikusudia kusema tu kwamba panda hula machipukizi na majani, lakini koma moja iliyojipachika bila kualikwa ikamfanya mnyama mpole kuwa jambazi. Hapo ndipo nilipocheka. Masaibu yalianza Jumamosi iliyofuata, sokoni.

Waingereza wana kosa wanaloliita ritifaa ya muuza mboga, yaani kuweka alama hii (') ya umilikaji mahali panapohitaji wingi tu, nami naweza kuthibitisha kwamba halikusingiziwa. Ubaoni, kwa chaki, muuzaji ameandika *potato's*, na chini yake bei ya kilo, hivi kwamba ukifuata kanuni utaelewa kuwa kuna kiazi kimoja kinachomiliki pauni moja na nusu. Mwisho wa mwezi kiazi hicho huwa kina akiba kuliko mimi. Nimebaki nimeukodolea macho ubao huku foleni ikinung'unika nyuma yangu, mpaka mke wangu akaniuliza, “Baba Rehema, umekuja kununua vitunguu au kusahihisha mitihani?” Truss anawahimiza wasomaji wake watembee na kalamu nene na vibandiko vya kurekebishia mabango, jambo ambalo ni rahisi kulishauri ukiwa humfahamu muuza mboga wetu wala ukubwa wa mikono yake.

Paliponigusa zaidi ni kwenye tabaruku, ule ukurasa wa mwanzo ambako kitabu kimetunukiwa wapiga chapa wa St Petersburg, Urusi, ambao kwa maneno ya Truss waligoma mwaka 1905 wakidai kwamba alama za uakifishaji nazo zilipiwe sawa na herufi. Nawaelewa kabisa ndugu zangu hao. Koma ni pumziko, na sijapata kuona mwajiri anayependa kulipia pumziko. Ghalani ninakofanya kazi, ile nusu saa ya kula hukatwa kwenye mshahara kana kwamba tumbo ninalolijaza ni la kwangu peke yangu na mizigo yao hujibeba.

Kinachoniudhi ni kwamba baada ya kunifundisha ukali wote huo, kitabu chenyewe hakikuwa safi. Mwaka 2004 mhakiki Mmarekani Louis Menand alikichambua katika jarida la The New Yorker, akaonyesha makosa ya uakifishaji yaliyomo, na la kwanza akalikuta palepale kwenye tabaruku ya wagomaji, mahali panapohitaji koma isiyokuwepo. Hebu fikiria! Mimi nimekosa raha sokoni kwa sheria ambazo aliyezitangaza aliteleza kabla hata hajafika ukurasa wa kwanza wa sura.

Nilimwandikia shemeji ujumbe wa kumlalamikia, nikauakifisha vizuri, kila nukta mahali pake. Malalamiko yangu hakuyagusa. Alijibu hivi: “shemeji nikopeshe pauni hamsini kesho nitakurudishia.” Tangu jana nauzungusha ujumbe huo kichwani, kwa kuwa bila koma siwezi kujua kama kesho ni siku ya mimi kutoa au ya yeye kurudisha, na kwa jinsi ninavyomfahamu, koma hiyo ameiacha makusudi.