Cinderella mmewapunja

Ndugu mwandishi, makala yako ya roki ya miaka ya 1980 imewapa Cinderella, bendi ya roki ya Marekani, mistari miwili, na yote inahusu nywele na mavazi. Sawa, kwenye jalada la albamu yao Night Songs (1986) wamejipamba kama maharusi, na ni mwanamuziki wa roki Jon Bon Jovi aliyewapigia debe kwa kampuni ya rekodi baada ya kuwaona wakipiga Philadelphia. Lakini umeisikiliza Long Cold Winter ya 1988? Inafunguliwa na gitaa la slaidi, lile linalopigwa kwa kutelezesha kibomba juu ya nyuzi, bluzi ya Mississippi kabisa, ndipo ngoma nzito zinaingia. Wimbo uliobeba jina la albamu ni bluzi ya polepole, na mwimbaji wao Tom Keifer anaulia hasa, haigizi.

Miaka miwili baadaye, kwenye Heartbreak Station, wakazidi kuvua yale mapambo. Memphis Horns, wale wapiga tarumbeta na saksafoni, wanapuliza, na aliyewapangia sehemu za fidla ni John Paul Jones wa Led Zeppelin, bendi kubwa ya roki ya Uingereza. Led Zeppelin jamani! Mtu wa kiwango hicho ahangaike na wauza sura?

Kilichowaangusha si ubovu. Keifer alipata tatizo la kupooza kwa nyuzi za sauti, na Still Climbing ilipotoka 1994 redio zilikuwa zimeshahamia kwa vijana wa Seattle na roki yao ya grunge. Jeff LaBar, mpiga gitaa mwenzake, alifariki 2021. Keifer mwenyewe alijifunza upya kuimba na akarudi jukwaani. Kwangu mimi anawazidi nusu ya hao uliowamwagia sifa.